Mama Njia Panda na Simu Zenye Chale

Neno "chale" aliliingiza yeye ofisini kwetu, na mpaka leo nikilisikia napapasa mfuko wa simu.

Ilikuwa Katumba, kwenye ukumbi wa kijiji, siku ya kuwafundisha wasimamizi. Sisi ni chama kidogo cha magari ya dharura, ofisi yetu iko Mpanda mjini nyuma ya duka la majembe. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila kijiji kina msimamizi, na mgonjwa akizidiwa msimamizi anafungua ukurasa wetu kwenye simu, anaandika yuko wapi na kuna nini, anabonyeza. Ukurasa unamjibu: "Ombi limepokelewa. Gari linakuja." Dereva wa karibu analiona ombi, anawasha gari. Siku hiyo Mkurugenzi alitaka wasimamizi wachache wawe wanajaribu toleo jipya la ukurasa kabla halijatolewa kwa wote, akaanza kuwaeleza habari za kuki. Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kama hizo kuki zinaletwa na chai au zinaliwa kavu.

Mwenye neno lile alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali alipopenda kukaa popote tulipokwenda. Akainuka.

"Siyo biskuti," alisema. "Ni chale. Mnazijua chale?"

Nani huku kwetu asiyezijua chale.

"Basi ndo hivyo. Ukifungua hii linki ya kujaribu, simu yako inachanjwa chale. Wewe huioni, jirani haioni, ila pale mlangoni kwetu inaonekana. Tuna seva mbili, ya kazi na ya mazoezi. Simu isiyo na chale inapelekwa kwenye ya kazi, madereva wanaona. Simu yenye chale inapelekwa kwenye ya mazoezi. Ukurasa ni ule ule. Maneno ni yale yale, hata 'gari linakuja' utaambiwa. Ila gari haiji. Nyie mmenisikia? Haiji, kwa sababu hakuna aliyekusikia."

Mkurugenzi alijaribu kucheka ili ukumbi uchangamke, lakini kicheko chake kilibaki peke yake. Katekista aliyekaa mbele alifanya ishara ya msalaba kwa siri, chini ya kofia aliyoipakata.

Tulimwita Mama Njia Panda. Ndiye aliyeitunza ile mashine ya mlangoni, pale ambapo njia ya kazi na njia ya mazoezi zinaachana. Jina lilianza kama utani wa madereva, naye akalipokea kwa namna ya mtu aliyepewa koti linalomtosha. Sijui umri wake, maana kila aliyeuliza alipewa umri tofauti. Nilikaa naye chumba kimoja miaka mingi, mimi nikipokea simu za malalamiko, yeye akiwa na mashine zake, na nasema wazi kwamba nilimpenda na kwamba alinichosha.

Huku kwetu njia panda si mahali pa mchezo. Watu humwaga hapo maji waliyomwogeshea mgonjwa, huacha hapo kitambaa au kibuyu, ili wa kwanza kupita aondoke na ule ugonjwa. Mkristo gani hajui kwamba huo ni ushirikina? Na Mkristo gani, akikuta kibuyu njia panda, anakipiga teke? Siku moja tukielekea stesheni nilikuta kitenge kipya kimetupwa pale njia zinapokutana, kimekunjwa vizuri, bado kina gundi ya dukani. Nikainama. Alinivuta mkono nikakaribia kuanguka.

"Njia panda siyo mahali pa kuokota kitu, Mfipa wewe! Au unataka kuruka nacho na ungo?"

Utani wa sisi Wafipa kuwa wachawi wa kuruka na ungo hakuuchoka hata siku moja. Jumapili iliyofuata alisimama kwenye jumuiya akawakemea waganga mpaka sauti ikamkauka. Nilipomkumbusha kitenge, alisema kitenge ni kitenge na imani ni imani, nisichanganye maharage na mchele kabla havijaiva. Alivaa saa kubwa ya kiume mkono wa kushoto, na saa yenyewe ilikuwa imesimama. Nilidhani ni kumbukumbu ya mtu. Baadaye, siku aliyoivua ili anawe bila kukumbuka kwamba nipo, niliona chale mbili nyeusi pale mkanda unapokaa. Akaivaa tena upesi.

Alikuwa mchoyo wa sifa. Ukifanya kazi nzuri alikuambia, "Haya," na hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yako yote. Alikula karanga za watu waziwazi, akizichukua mezani kwako huku anakusema kwamba unakula sana. Kwaya walimweka safu ya nyuma kwa sababu sauti yake ilikuwa inatangulia wimbo. Lakini mchezo wa redio ulipofika pale mke anapoondoka nyumbani, alilia machozi ya kweli, na ukimcheka alikufukuza chumbani. Hakuvumilia mlango uliofungwa. Hata msimu wa mvua za upepo mlango wetu ulikaa wazi, na makaratasi tuliyabana kwa mawe.

Kilichomfanya achekwe zaidi ni kusoma mazoezi. Kila asubuhi, kabla hajagusa kitu kingine, alifungua kwenye kompyuta ubao wa seva ya mazoezi na kusoma maombi yote ya kubuni waliyotuma wajaribuji, bakuli la uji wa ulezi likipoa pembeni. Wajaribuji walikuwa watu wa mzaha. "Tembo amelala barabarani, anadai apelekwe hospitali." "Mgonjwa ni shemeji, anaumwa uvivu, njooni na kamba." Sisi tulikuwa tunapitishiana hizo na kucheka. Yeye alisoma moja moja, midomo ikicheza, kama anayesoma waraka wa askofu.

"Mama, si za kuchezea tu hizo?" nilimwambia.

"Anayecheza huanguka kweli," alijibu, akaendelea.

Asubuhi moja kijiko kilisimama hewani. Kwenye ubao wa mazoezi kulikuwa na ombi kutoka Mishamo: nyoka amemuuma baba mguuni mguu umejaa njooni haraka. Fundi aliyekuwa mlangoni alisema nyoka wa mazoezi ni wengi, juzi mmoja alimuuma mwenyekiti ulimi. Alisahau kucheka alipouona uso wa yule mama.

"Hii haina mzaha ndani yake," alisema Mama Njia Panda. "Tazama. Hajaweka hata nukta."

Alimpigia dereva wa Mishamo. Ilikuwa kweli. Mjaribuji wetu wa kule alikwenda shambani akaacha simu nyumbani ikichaji, na jirani aliyekimbia kuomba msaada alipewa simu ile na mke wa mjaribuji. Simu ilikuwa na chale. Jirani akabonyeza, akaambiwa gari linakuja, wakakaa kulingoja. Mzee yule alipona, ingawa mguu hakuupata wote. Namba za madereva huwa hatuzitoi kwa watu, maana zamani gari lilikuwa la anayemjua dereva, na hilo Mkurugenzi alilikomesha kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana mtu akishaambiwa na ukurasa kwamba gari linakuja, hana la kufanya ila kungoja.

Siku ile Mama Njia Panda aliongea kuliko mwezi mzima. Alisema waliotengeneza mambo haya wanadhani simu ina mtu mmoja, kama mswaki. Huku kwetu simu ni jembe, anayelima ndiye anayelishika. Chale inakaa kwenye simu, haijui mkono wa nani. Akaenda kwa Mkurugenzi na madai mawili. La kwanza, chale iwe inakufa jua likizama, na mjaribuji anayetaka kuendelea afungue linki tena kesho. La pili, ukurasa wa mazoezi upigwe mstari mwekundu juu, uandikwe HAPA HAKUNA GARI.

La kwanza alipewa. La pili Mkurugenzi alilikataa, na sitamsingizia ujinga, hoja alikuwa nayo. "Mama, tukiupaka rangi, hatujaribu tena kile watakachokiona watu. Tutakuwa tunajaribu kitu kingine."

"Na wewe ukizikwa kwa kujaribu," alimwambia, "tutakutoa kesho yake?"

Hata hivyo mstari haukupigwa. Basi yeye akaendelea kusoma. Nilianza kuona kwamba kusoma kule kulikuwa ndio mstari wenyewe, na kwamba mstari huo ulikuwa na miguu, goti bovu na macho yanayofifia.

Jambo moja sikulielewa mpaka nilipolizoea. Mtu huyu aliyeshuku kila kitu alimpa simu yake yeyote aliyeomba, stendi, sokoni, hata abiria asiyemjua. Nilimuuliza haogopi? Akasema chale yake ilikufa jana jioni na ya leo hajachanja bado, kwa hiyo simu yake kwa sasa ni safi kuliko roho yangu.

Goti ndilo lililomwondoa. Alikwenda Ugalla kwa dada yake, kwenye mizinga ya nyuki. Siku ya kumuaga tulikula wali wa Mpimbwe, Mkurugenzi akamfunika kitenge mabegani na kusema maneno mazuri. Akaombwa naye aseme neno. Alisimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani atasoma mazoezi?" aliuliza.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mzaha wa kuagia, akaketi huku makofi yanaendelea.

Fundi aliyemrithi ni mtu mpole na anajua kazi. Wajaribuji walimlilia kwamba wamechoka kufungua linki kila asubuhi kama wanaosali, naye akawahurumia, akaiongezea chale umri iishi mwaka mzima. Toleo jipya likajaribiwa, likatoka kwa yeyote mwenye simu, siyo wasimamizi tu. Ni jepesi, hata kwenye mtandao wa kusuasua linafunguka. Tulifurahi. Ubao wa mazoezi haukufunguliwa tena na mtu, kwa kuwa hakukuwa na kinachojaribiwa.

Halafu masika yakaanza, na kutoka Mishamo yakaanza malalamiko. Watu walipiga simu wakisema wameomba gari na gari halikuja. Niliangalia ubao wa kazi, hakuna ombi. Dereva wa kule naye alisema gari lake limelala tangu juzi. Ofisini tukaanza kusema kwamba watu wa kule wamepata mtu wa kumlaumu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema. Mmoja wa waliopiga namkumbuka sana kwa sababu hakupandisha sauti.

"Nilibonyeza mwenyewe, dada. Ikaniambia gari linakuja."

"Baba, hapa kwenye mashine hatuoni ombi lako."

"Kwa hiyo mimi ni muongo?"

"Sijasema hivyo, baba. Ila mashine haidanganyi."

Nilisikia kuku upande wake.

"Mke wangu tumeshamzika," alisema. "Sidai kitu. Nataka tu kujua, hiyo gari ilipita njia gani?"

Nikampa pole, akakata.

Nilipopata likizo nilikwenda Ugalla, nikijidanganya kwamba nafuata asali. Nilimkuta amekaa kizingitini kwa dada yake, mlango wazi nyuma yake, mguu umenyooshwa juu ya kinu kilicholazwa. Amekonda. Saa ya kiume ilikuwa inazunguka mkononi kama bangili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa, Mfipa. Karanga zangu unakula na nani siku hizi?"

Tuliongea habari za kwaya, za mchezo wa redio, za nani kaolewa. Jioni ilikuwa inaingia, moshi wa wafugaji wa nyuki ukipita juu ya miti. Nilitaka kumchekesha, nikamweleza ya Mishamo, jinsi watu wa kule siku hizi wanavyodai magari ya ndotoni. Nikamwigizia hata yule baba wa "ilipita njia gani".

Hakucheka. Aliushusha mguu kutoka kwenye kinu, polepole, kwa mikono miwili.

"Nani anasoma mazoezi?"

"Hakuna, mama. Toleo lilishatoka. Hakuna anayejaribu."

"Basi ubao utakuwa mtupu."

"Mtupu kabisa."

"Chale inakufa saa ngapi siku hizi?"

Nikamwambia ni mwaka. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona ameogopa, nami nikaogopa kabla sijajua ninaogopa nini. Akatoa simu yake ya zamani, kioo kimepasuka kona.

"Kuingia ubaoni hawakunifungia. Wamesahau. Mtandao uko pale," akaonyesha kichuguu kikubwa nyuma ya jiko. "Tangu mvua zianze goti halinipandishi. Nilikuwa nangoja mtu mwenye miguu. Panda ukahakikishe ni mtupu."

Nilipanda kwa kumridhisha. Udongo ulikuwa unateleza, nikashika mizizi. Juu kabisa vijiti vya mtandao vikatokea, ubao wa mazoezi ukaanza kujaa, mstari juu ya mstari. Sikuona tembo wala shemeji mvivu. Mtoto ana degedege. Mzee kaanguka kwenye baiskeli hasemi. Mama anajifungua amekwama. Yote yalitoka Mishamo, kwa namba ambazo hazikuwa za wajaribuji, na chini ya kila moja ukurasa ulikuwa umejibu kwa adabu yake: Ombi limepokelewa. Gari linakuja.

"Ni mtupu?" aliuliza kutoka chini.

"Umejaa, mama."

"La juu kabisa ni la lini?"

"La sasa hivi, mama. La jioni hii. Kuna dada anavuja damu, wako kwenye banda la mashine ya kusaga."

"Mpigie dereva!"

Nilimpigia dereva wa Mishamo. Yuko nyumbani, gari liko uani. Nikamsomea ombi.

"Hapa kwangu hamna kitu," alisema. "Hiyo ni ya kweli au ya mazoezi?"

Mama Njia Panda alisikia swali, maana spika ya simu ilikuwa kali. Akapaza ile sauti iliyotangulia nyimbo: "Mwambie aende! Akikuta ni utani, atacheka arudi!"

Dereva akaijua sauti, hakubisha tena. Nikasikia gari linawaka. Akiwa njiani akanieleza bila kujua anaeleza nini. Mjaribuji wetu alilipenda mno toleo jipya, akaisambaza ile linki ya mazoezi kwenye grupu la kwaya, la wakulima wa tumbaku na la wazazi wa shule, na maneno yake juu: Kizuri kula na nduguyo. "Karibu wote wameifungua," alisema dereva. "Hata mke wangu anayo. Kwani ina shida?"

Mishamo nzima ilikuwa imechanjwa chale kwa upendo, na gari lilikuwa pale pale kati yao, uani.

Tulingoja. Dada yake alileta taa, akairudisha ndani alipoona nyuso zetu. Simu ilipolia dereva alikuwa anahema. Amewakuta barabarani, wamempakia mgonjwa kwenye baiskeli, anapumua, anakwenda naye hospitali. Nilimpigia fundi aue chale zote usiku ule ule, akaanza kuuliza sababu, halafu akaacha kuuliza. Nikaanza kushuka, nikilia na kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Unakwenda wapi?" alisema Mama Njia Panda. "Endelea kusoma."

"Zilizobaki ni za zamani, mama. Zimeshapita."

"Nimesema endelea kusoma. Hakuna aliyezisoma."

Nikarudi juu. Nikazisoma kwa sauti, moja moja, jina la kijiji na shida yenyewe, naye chini anaitikia kila baada ya moja, kama tufanyavyo kwenye rozari ya msibani. Karibu na mwisho nikafika kwenye jina ninalolijua, nililoliandika mwenyewe kwenye daftari la malalamiko. Alikuwa yule baba wa kuku. Alikuwa ametuma maombi mawili. La kwanza lilisema mke wangu amezidiwa. La pili alilituma baada ya kujibiwa, na halikuwa ombi, ilikuwa ni shukrani.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema, 'Asanteni sana. Tumeshamtoa nje. Tunawasubiri hapa barabarani, njia panda ya kanisani.'"

Mama Njia Panda alifungua mkanda wa ile saa, akaivua, akaiweka juu ya kinu. Giza lilikuwa limeshaingia, sikumwona uso.

"Alikuuliza gari ilipita njia gani," alisema. "Mpigie umwambie."

Nikaitafuta namba yake.